Kutembea na vijana kwenye makorongo ya Kondoa: anza na maji

Mwongozo huu ni wa walimu, viongozi wa skauti na wazazi wanaotaka kuwatembeza vijana wa miaka 13 hadi 16 kwa siku mbili, na kulala usiku mmoja, kwenye makorongo na mito ya mchanga ya Kondoa, mkoani Dodoma.

1. Mwezi. Nendeni Juni hadi Agosti. Mvua za Dodoma huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na miezi hiyo mimi sishuki korongoni na mtoto wa mtu. Mvua inaweza kunyesha huko milimani, ninyi mko juani, na maji yakawafikia bila wingu hata moja juu yenu.

2. Maji. Hapa ndipo safari inapopangwa, kwa kalamu na karatasi. Kijana anayetembea juani mwekee lita 3 za kunywa kwa siku, na lita 1 ya kupikia na kunawa. Lita moja ni kilo moja. Sasa geukia mgongo wake: asiyezoea asibebe zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake, yaani mwenye kilo 40 mwisho wake ni kilo 6. Maji ya siku mbili peke yake ni kilo 8. Hesabu imekataa hata kabla hujaweka blanketi.

Kwa hiyo chagua njia inayokutana na barabara. Mpe bodaboda madumu ya lita 20 ayafikishe mtakapolala, na mtu mzima mmoja atangulie kuyalinda, maana dumu lililoachwa porini huota miguu. Kila kijana atembee na lita zake 3 za kunywa za siku hiyo tu.

Wenyeji huchimba mchangani na kupata maji. Hayo yahesabu kama akiba, usiyategemee. Omba kwanza, kwa sababu kisima kina mwenyewe na ng'ombe wake wanakisubiri. Mwaga maji ya mwanzo, yaache mengine yatulie, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha mpaka yatokote.

3. Begi na viatu. Begi la mtumba linatosha likiwa na mkanda wa kiunoni. Vuta mishono ya mabegani kwa nguvu, ikilalamika, acha. Hema si lazima kiangazi. Turubai, chandarua, mkeka na blanketi vinatosha, lakini blanketi liwe zito, maana Julai usiku huwa baridi. Tochi, filimbi na kofia, kila mtu na yake. Raba za kufunga kamba zenye soli nene ndizo bora: miiba ya migunga hutoboa kandambili, na katambuga hujaa mchanga. Usiku wa kuamkia safari, mwaga mabegi yote sakafuni na upime upya. Utashangaa watoto wanaficha nini.

4. Ruhusa. Pita kwa mtendaji wa kijiji. Mkitaka kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, chukueni kiongozi wa pale. Msiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha.

5. Mwendo. Ondokeni saa 12 asubuhi, pumzikeni kivulini kuanzia saa 5 hadi saa 9. Anayetembea polepole awe mbele, mtu mzima awe wa mwisho. Kila saa vueni viatu mkung'ute mchanga, kabla malengelenge hayajaanza.

6. Kulala. Msilale ndani ya korongo hata kama mchanga ni laini na mbingu safi. Pandeni juu, tena mbali na ukingo. Udongo wa Kondoa humeguka. Ndiyo maana mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianzishwa mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko. Funikeni chakula chote, na asubuhi kung'uteni viatu kwanza: nge hupenda humo.

7. Akilegea. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, anywe zaidi. Kijana mwenye maneno mengi akinyamaza ghafla, mkalishe kivulini, umloweshe shingo na kichwa. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Akitapika mfululizo au akianza kuongea ovyo, safari imeisha: ita usafiri, endelea kumpooza kwa maji, mpeleke hospitali Kondoa mjini.