Sandwichi ya moto ya fromaji ya Masisi na nyama ya kuchambua, juu ya mbabula (jiko la makaa)

Hapa Goma hatuna sababu ya kula sandwichi yenye fromaji (jibini) isiyoyeyuka. Fromaji yetu inashuka kutoka vilima vya Masisi, kwenye malisho ya ng'ombe, ambako wamisionari wa Ulaya walianzisha kazi hiyo karne iliyopita na wafugaji wa huko wakaishika mpaka leo. Inafanana na gouda: ngumu kiasi, rangi ya manjano hafifu, mafuta ya kutosha. Ni aina inayopenda moto.

Ninapika sandwichi hii nyumbani na ya kuuza. Nikionja iliyoharibika, karibu kila mara naona moja ya mambo mawili: nyama ilikuwa na mchuzi, au moto ulikuwa mkali. Nyama yenye maji inalowesha mkate kutoka ndani. Moto mkali unaunguza mkate nje huku fromaji katikati ikiwa bado baridi. Karibu kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya mambo hayo mawili.

Vya kuandaa (watu wanne)

Nyama ya ng'ombe gramu 500, fromaji ya Masisi gramu 300, vipande 8 vya mkate wa boksi, vitunguu 2 vikubwa, vitunguu saumu punje 3, tangawizi kipande kidogo, kijiko 1 cha tomati ya mkebe, pilipili manga, pilipili mbichi, chumvi, mafuta ya kupikia, na mayonezi au siagi ya kupaka mkate. Basi.

Hatua ya 1: Nyama, na usiiharakishe

Sokoni usiombe nyama laini ya bei. Mwambie muuzaji, "Papa, nikatie ya muundi," au ya kifua kama muundi umeisha. Sehemu hizo zina mishipa migumu ambayo ikipikwa polepole inageuka ute mzito, na ute huo ndio utakaoshikanisha nyama ndani ya mkate. Nyama laini isiyo na mishipa inakauka na kumwagika kila unapouma.

Kata vipande vikubwa, vikaushe kwa kitambaa safi, uvikaange katika mafuta ya moto mpaka vipate rangi ya kahawia pande zote. Usivijaze sufuria, vikibanana vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaanga. Vitoe, kisha katika mafuta hayohayo kaanga vitunguu mpaka vilainike na kuwa vya dhahabu. Tia saumu na tangawizi, halafu tomati, na ikaange tomati dakika mbili mpaka rangi yake ikolee. Rudisha nyama, mimina maji yaifikie tu, funika, punguza moto.

Sasa subiri. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa, na nyama vilevile. Ukifuata maelekezo ya mtu wa Mombasa yanayosema saa moja na nusu, wewe hesabu saa mbili au mbili na nusu. Nyama imeiva pale uma ukiigusa inapoachana yenyewe bila kuvutwa.

Ichambue kwa uma mbili ndani ya sufuria ileile, kisha ondoa kifuniko uache mchuzi ukauke, ukikoroga mara kwa mara. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema. Pitisha kijiko chini ya sufuria: kama mchuzi unarudi kuziba njia ya kijiko, bado. Njia ikibaki wazi na ukasikia nyama inaanza kukaangika, imetosha. Sasa ndiyo wakati wa pilipili manga, pilipili mbichi iliyokatwa ndogo sana, na chumvi. Chumvi inakuja mwisho kwa sababu mchuzi ukikauka unabaki na chumvi yote, na fromaji nayo ina chumvi yake.

Tandaza nyama kwenye sahani ipoe mpaka iwe vuguvugu. Ukiiweka ya moto, mvuke wake utalowesha mkate.

Huna saa mbili? Tumia nyama ya kusaga. Inaiva kwa dakika 20, kwa mpango uleule wa vitunguu na tomati, na lazima ikauke vilevile. Ni tamu, lakini ya muundi inaishinda kwa mbali.

Hatua ya 2: Fromaji

Nunua changa. Muuzaji hakatai ukimwambia, "Mama, nikatie kidogo nionje." Changa inabonyea kidogo chini ya kidole na ina ladha ya maziwa, iliyokomaa ni ngumu, inavunjika vipande, na harufu yake ni kali. Iliyokomaa naipenda sana kula hivihivi, lakini kwenye moto inatoa mafuta pembeni na kubaki na chembechembe. Kama hiyo ndiyo uliyopata, changanya nusu kwa nusu na laini zaidi. Hata La Vache qui rit, ile fromaji laini ya kiwandani, inasaidia hapo. Peke yake haina nguvu ya ladha, lakini inaifanya ile ngumu itulie.

Barabara ya Sake, inayotuletea fromaji kutoka Masisi, ikiwa na shida, fromaji inapungua mjini na bei inapanda. Siku hizo punguza fromaji mpaka gramu 200 na uongeze kitunguu kwenye nyama. Usipunguze zaidi, maana kila sandwichi inahitaji tabaka mbili.

Ondoa ganda la nje, kisha ikwangue kwa kikwangulio. Iliyokwanguliwa inayeyuka upesi kuliko vipande, kwa hiyo mkate hauungui ukiingoja.

Hatua ya 3: Mkate

Mkate wa boksi wa jana ni bora kuliko wa leo, kwa sababu umepungua unyevu. Vipande vyenye unene wa sentimita moja na nusu. Mkate mrefu nao unafaa ukiupasua na kuubonyeza mpaka ulale.

Paka upande wa nje tu, safu nyembamba, mpaka kwenye kingo. Mimi napaka mayonezi. Siagi ina ladha nzuri zaidi, lakini chembe za maziwa zilizomo zinaungua haraka, na juu ya makala (makaa) huna kitufe cha kupunguza moto. Mayonezi ni mafuta na yai, inavumilia zaidi na inatoa rangi iliyo sawa kila mahali. Ukitumia gesi au umeme na moto mdogo, siagi ni sawa kabisa.

Hatua ya 4: Moto

Usiwashe makala mapya kwa ajili ya sandwichi. Yale yaliyopika nyama, wakati nyama inapoa, yanafikia hali unayoitaka: yamevaa majivu meupe na hayana ndimi. Yatandaze yaenee mbabula nzima. Sehemu kubwa ya makala ya mji huu inatoka kwenye misitu ya Hifadhi ya Virunga, na kwangu kupika mara mbili kwa moto mmoja ni jambo la maana.

Weka kiganja juu ya mbabula, sentimita 10 hivi kutoka kwenye makala. Ukiweza kuvumilia mpaka ukahesabu sita polepole, moto ni sawa. Ukitoa mkono kwenye mbili au tatu, ondoa makala machache. Weka kikaango kizito, kipate joto dakika tatu.

Hatua ya 5: Kupanga na kuchoma

Upande uliopakwa uangalie chini. Juu yake fromaji, kisha nyama, kisha fromaji tena, kisha mkate wa pili, uliopakwa ukiangalia juu. Fromaji ya chini inashika mkate wa chini, ya juu inashika wa juu, na nyama imebanwa katikati. Ukiweka fromaji upande mmoja tu, sandwichi itafunguka unapoigeuza. Nyama isizidi unene wa kidole, na uache nafasi ndogo kwenye kingo.

Weka kwenye kikaango, funika. Kifuniko kinabakiza joto juu, na fromaji inaanza kulainika kabla hujageuza. Baada ya dakika nne chungulia chini: ukiona dhahabu, geuza kwa mwiko mpana, mkono mwingine ukishika juu. Sasa usifunike. Bonyeza kidogo kwa mgongo wa mwiko, dakika tatu au nne nyingine. Ukisikia mchirizo mdogo pembeni, fromaji imefika kwenye kikaango. Pembe hizo zilizokauka ndizo watoto wanazogombania.

Itoe na uiache dakika mbili kabla ya kukata. Ukikata mara moja, fromaji inatiririka na nyama inaifuata.

Ya kula nayo

Kabichi iliyokatwa nyembamba, chumvi, ndimu na pilipili. Iwe pembeni, isiingie ndani ya mkate, kwa sababu inarudisha maji yote uliyopigana nayo.

Nyama ikibaki, ifunike na uiweke kwenye friji. Itakaa siku tatu. Kama huna friji, imalize siku hiyohiyo. Ile ya friji, kesho yake ipashe kwenye sufuria kavu kabla ya kuiweka kwenye mkate, maana ule ute ukipoa unaganda, na ukiyeyukia ndani ya sandwichi utakuwa mchuzi tena.