Kupima na Kutumia Fimbo za Kupandia Mlima

Wengi wetu tunaotoka Nairobi alfajiri kwenda Longonot au vilima vya Ngong huzirefusha fimbo zetu kwa kukisia tu, tukazikaza, na kutembea nazo hivyo hivyo mpaka jioni. Fimbo isiyopimwa huchosha mabega wala haiyapunguzii magoti mzigo, na kwa hiyo nawasihi mfanye kazi hii nyumbani, kabla ya safari.

Hatua ya kwanza ni kipimo cha tambarare. Vaa viatu utakavyotembea navyo, simama wima mahali palipo sawa, kisha simamisha fimbo kando ya mguu. Kiwiko kikijikunja kwa pembe ya digrii 90, kigasha kikiwa sambamba na ardhi, umepata urefu wako. Kwa mtu wa sentimita 170 huwa karibu na sentimita 115. Ikiwa fimbo ina vipande vitatu, rekebisha kwanza kile cha chini bila kukipitisha alama ya kikomo, na mabadiliko ya njiani uyafanye kwa kipande kilicho karibu na mkono.

Hatua ya pili ni kukaza. Iegemee fimbo kwa uzito wako. Ikididimia, kaza tena.

Hatua ya tatu ni mkanda wa mkononi ulioshonwa kwenye mpini, na hapa ndipo wengi hupoteza faida yote ya fimbo. Ingiza mkono kutoka chini ya kitanzi, uupandishe juu, kisha uteremshe kiganja ili kishike mkanda na mpini kwa pamoja. Ukifanya hivyo, uzito hubebwa na mkanda kupitia kifundo cha mkono, vidole vikabaki vimelegea. Aliyeingiza mkono kutoka juu hulazimika kuubana mpini safari nzima.

Hatua ya nne ni mwendo. Mkono wa kulia huenda na mguu wa kushoto, na wa kushoto na wa kulia. Kwenye mpando mrefu punguza sentimita 5 hadi 10. Kwenye mteremko ongeza kiasi hicho hicho, kwa maana ardhi iko chini zaidi na fimbo inapaswa kuigusa kabla ya mguu. Pale Longonot, ambako kilele kina mita 2,776 na vumbi la volkano huteleza, refusha fimbo ukiwa bado umesimama juu. Anayengoja mpaka magoti yaume amekwisha kuchelewa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, fimbo moja haitoshi?
Jibu: Husaidia mizani, lakini mzigo huelemea upande mmoja. Kwa mwenye shanta zito, mbili ni bora zaidi.

Swali: Vifuniko vya mpira vivuliwe lini?
Jibu: Viache kwenye lami na mwamba mkavu. Kwenye udongo na matope vivue ili ncha ya chuma ishike. Ukienda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, funga pia visahani vipana juu kidogo ya ncha, kwa kuwa kinamasi cha huko huimeza fimbo.

Swali: Tukivuka mto je?
Jibu: Toa mikono kwenye mikanda, ndugu yangu, na ulegeze vifungo vya shanta. Ukianguka, lazima uweze kuviachilia vyote mara moja.

Swali: Zangu zimeanza kukwama.
Jibu: Zitenganishe vipande, ufute vumbi kwa kitambaa na uzikaushe kabisa kabla ya kuziunganisha. Usizipake mafuta, kwa sababu vikazio vitateleza.