Fazi ya transista mbili kutoka kwa redio iliyokufa

Mimi ni fundi wa redio, Majengo, Mombasa, na mchana kutwa kazi yangu ni kuondoa mkwaruzo. Mtu aleta redio, asema yakoroma, nami naipangusa na kuichokora mpaka mtangazaji asikike kama mmekaa naye barazani. Ijumaa baada ya Isha nafanya kinyume. Navuka daraja la Nyali mpaka gereji moja ya tuktuk huko Kisauni, ambako watu sita saba tunaoshabikia roki ya gereji twakutana, na huko mkwaruzo ndio tuutakao. Muziki huu uliitwa hivyo kwa sababu vijana wengi wa Marekani miaka ya 1960 walifanyia mazoezi kwenye gereji za makwao. Yetu ni gereji hasa: grisi, injini zilizofumuliwa, na paka mmoja asiyependa ngoma.

Kiboksi ninachoulizwa kila wiki ni fazi, kile kinachokaa kati ya gita na spika kikaifanya sauti ipasuke. Asili yake ni ubovu. Mwaka 1958 mpiga gita wa Marekani, Link Wray, alitoboa spika kwa penseli ili wimbo wake "Rumble" uungurume. Mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gita wa bendi ya Uingereza The Kinks, aliikata yake kwa wembe. Huko Nashville nako, mtambo wa studio uliharibika wakati mpiga gita Grady Martin akirekodi gita la besi, sauti ikatoka kama nyuki waliofungiwa mkebeni. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuutupa ule ubovu, aliutafutia saketi yake, yaani mpango wa vipande vya umeme vya kuutoa, na mwaka 1962 ikaanza kuuzwa kwa jina la Maestro FZ-1.

Wewe wembe usitumie. Spika ni ghali, na ikishakatwa haishoneki. Transista mbili zatosha, vile vipande vidogo vya miguu mitatu vinavyokuza sauti. Saketi nitakayoeleza ni ya Fuzz Face, iliyotoka Uingereza mwaka 1966. Za mwanzo zilikuwa na transista za jemaniamu, na joto la kwetu laziyumbisha: asubuhi zaimba, saa nane mchana zanung'unika. Chukua za silikoni.

Tafuta BC547 mbili. Ukipata zenye herufi A mwishoni ni bora kwa kuanzia, hazina pupa. Resista, vipande vya kubana umeme, ni tatu: ya omu 100,000, ya 33,000 na ya 1,000. Ongeza resista moja ya kurekebisha kwa bisibisi, ya omu 10,000, na volumu mbili za kuzungusha, moja ya omu 1,000 na nyingine 500,000. Kapasita, vipande vya kuhifadhi umeme kidogo, ni za mikrofaradi 2.2, 22 na 0.01. Jeki za gita mbili, ya kuingilia iwe ya stereo. Betri ni ile ya mraba ya volti 9. Resista zichomoe kwenye redio iliyokufa, ila zipime kwa mita kwanza. Kapasita zenye umbo la mkebe mdogo nunua mpya, kwani za zamani zimekauka kwa joto, na utailaumu saketi bure. Runinga za kichogo na ampu (vikuza sauti) za taa za kioo usizifungue kama hujafundishwa. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani, na haupigi hodi.

Sasa miguu. Ishike BC547 uso bapa ukikutazama, miguu chini: kushoto kolekta, katikati beisi, kulia emita. Mara yangu ya kwanza nilikosa BC547 nikaweka 2N3904, ambayo ni nzuri vilevile, lakini miguu yake imepangwa kinyume, emita kushoto na kolekta kulia. Siku mbili nilikaa na kiboksi bubu. Nilinunua hata betri nyingine. Mwanagenzi wangu, ambaye hata kulehemu alikuwa hajui, ndiye aliyeniuliza kama sikuzigeuza.

Nikisema ardhi, ni ule mguu wa jeki ulioshikana na mwili wake, na jeki zote mbili ziungane hapo. Ncha ya jeki ya kuingilia iende upande hasi wa kapasita ya 2.2, na upande chanya uende beisi ya transista ya kwanza. Emita ya kwanza, ardhini. Kolekta ya kwanza iungane na beisi ya pili, na hapohapo resista ya 33,000 ipande mpaka chanya ya betri. Emita ya pili yatoa njia mbili. Moja yapitia resista ya 100,000 na kurudi beisi ya kwanza. Ya pili yaenda mguu wa pembeni wa volumu ya 1,000, ambayo mguu wake wa pembeni wa pili uko ardhini, na mguu wa kati umeshika chanya ya kapasita ya 22, hasi yake ardhini. Volumu hiyo ndiyo ya ukali. Kolekta ya pili ipitie resista ya kurekebisha, kisha ile ya 1,000, ndipo ifike chanya ya betri. Pale resista hizo mbili zinapokutana, toa kapasita ya 0.01 mpaka mguu wa pembeni wa volumu ya 500,000. Mguu wake wa kati waenda jeki ya kutokea, uliobaki ardhini. Volumu ikifanya kazi kinyume, badilisha miguu ya pembeni, hujaharibu kitu.

Hasi ya betri usiipeleke ardhini moja kwa moja. Ilehemu kwenye mguu wa pete ya jeki ya stereo. Ukichomeka waya wa gita saketi yawaka, ukiuchomoa yazimika, na betri haifi ukiwa umelala.

Kabla ya kupiga, weka waya mweusi wa mita ardhini na mwekundu kwenye kolekta ya pili, kisha zungusha bisibisi mpaka usome volti 4.5. Baada ya hapo iweke mita kando. Piga uzi mmoja uuache ufe wenyewe. Ukikatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo, zungusha kidogo huku na huku mpaka ufe polepole. Wapo wanaoupenda mkatiko huo. Mimi siwaelewi, lakini kiboksi ni chao.

Fazi ikae ya kwanza baada ya gita, isitanguliwe na kitu, kwani yataka kuhisi koili za gita moja kwa moja. Punguza sauti kwenye gita lenyewe uone mkwaruzo unavyosafika. Mchezo huo peke yake wastahili jioni nzima.

Silikoni ina kasoro moja, yapenda kudaka redio. Jioni moja tuko katikati ya wimbo, mara mtangazaji akaanza kusoma habari ndani ya spika, sauti yake imepasuka kama gita. Mpigaji wetu wa ngoma alicheka mpaka akaangusha fimbo. Dawa yake ni kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza, pamoja na kiboksi cha chuma kilichounganishwa na ardhi. Mkebe wa biskuti wafaa, ila usivunje wa mama ukasema nimekutuma.

Adui mkubwa wa Mombasa ni chumvi. Fazi yangu ya kwanza niliifungua baada ya miezi mitatu nikakuta jeki zimeota ukijani. Siku hizi nikimaliza kulehemu napangusa ubao kwa spiriti na mswaki mkuukuu, kwa sababu masalio ya dawa ya risasi ya kulehemu hufyonza unyevu. Ukikauka naupaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili nyembamba, nikikwepa jeki na volumu. Dukani huniuliza ni ya nani, nami nasema ya transista. Ndani ya kiboksi natia kile kipakiti cha punje kinachokuja na viatu vipya. Gita nalo, ukimaliza, lifute nyuzi kwa kipande cha leso kavu, juu na chini. Ukiacha usiku mmoja tu, asubuhi zina kutu.

Kiingilio cha Ijumaa ni wimbo mmoja na kitu kimoja kibovu. Jina la wimbo halitajwi mpaka uishe, maana jina likitangulia watu husikiliza sifa, hawasikilizi ngoma. Kwa njia hiyo tuliwajua The Sonics, bendi ya Tacoma, Marekani, ambao albamu yao ya 1965 yasikika kama imerekodiwa ndani ya pipa, kwa uzuri. Lakini kilichotugeuza vichwa ni Wazambia: WITCH, Ngozi Family, na Amanaz na albamu yao ya 1975. Fazi yao ni nzito, mdundo haukimbii, nami nawapenda kuliko wengi wa Marekani. Musi-O-Tunya nao walikuja kupiga na kurekodi Nairobi, mwendo wa basi moja tu la usiku kutoka hapa.

Na usidhani fazi yataka gita tu. Taarab ya Mombasa iliichomeka taishokoto, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, kwenye ampu zamani, msikilize Zuhura Swaleh. Ijumaa iliyopita mmoja wetu alileta taishokoto ya marehemu babu yake, vitufe viwili havipo. Tukaitia fazi ya ukali nusu, volumu robo. Hatukufika hata mwisho wa wimbo, mtoto akaja mbio, katumwa na bibi wa nyumba ya nyuma, auliza hii ni harusi ya nani.