Kuandaa wasifu wa Padre John Kochurov, mfiadini wa Kiorthodoksi kutoka Urusi

Wasifu wa kusomwa kanisani hapa Arusha usizidi ukurasa mmoja, watu wamesimama. Anza na kifo: Wabolsheviki, wanamapinduzi wa kikomunisti wa Urusi, walimuua katika mji wa Tsarskoye Selo, 31 Oktoba 1917. Hapo ndipo wengi huteleza. Hiyo ni kalenda ya kale ya Urusi. Ongeza siku 13, upate 13 Novemba kwa kalenda ya leo. Ila kuzaliwa kwake, 13 Julai 1871, ongeza 12 tu, maana karne ya 19 tofauti ilikuwa ndogo: 25 Julai. Andika zote mbili, ya kale kwenye mabano. Utumishi wake Chicago, Marekani, mstari mmoja watosha: alisimamia ujenzi wa Kanisa la Utatu Mtakatifu, likawekwa wakfu 1903. Alitangazwa mtakatifu 1994. Na usimwite askofu. Alikuwa kasisi mwenye mke.