Biskuti kavu za unga na maji: kazi iko kwenye kusukuma

Vipimo: unga wa ngano wa kawaida gramu 250, maji ya uvuguvugu mililita 120 hivi, chumvi nusu kijiko cha chai. Hamira haihitajiki.

1. Changanya unga na chumvi, tia maji kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Likinata mkononi umezidisha maji, na maji hayo utakuja kuyakausha kwa moto. Kanda dakika 5 mpaka lilainike.

2. Lifunike, liache dakika 30. Hatua hii usiiruke, maana unga uliotoka kukandwa hukaza. Ukiusukuma papo hapo unajirudi kama mpira. Wayahudi wanaooka matza, yaani mikate isiyotiwa chachu, ya Pasaka hawana nafasi hiyo: tangu unga ukutane na maji mpaka uive zisizidi dakika 18, usije ukaanza kuchachuka. Sisi hatubanwi na sheria hiyo.

3. Washa oveni nyuzi 200, trei ikiwa ndani. Gawa donge mara nne, sukuma moja, mengine yafunikwe. Wengi huishia unene wa chapati, halafu wanalalamika biskuti ni ngumu nje na ndani bado mbichi. Endelea mpaka ukiliinua mbele ya dirisha uone kivuli cha vidole vyako. Ni kama milimita 1. Likigoma, liweke kando dakika 2, shika jingine.

4. Kata vipande, toboa kote kwa uma, matundu yafike chini. Mvuke usipopata pa kutokea, biskuti huvimba, na pale palipovimba huungua kabla kwingine hakujaiva.

5. Oka dakika 10 hadi 12, ukigeuza katikati. Za pembeni hutangulia kuiva, zitoe kwanza. Zikipata madoa ya kahawia zima oveni, acha mlango wazi kidogo, zikae humo dakika 15. Zikishapoa vunja moja: ikipinda kabla ya kukatika, zirudishe zote.

Kama huna oveni, tumia chuma cha chapati kwenye makaa machache, bila mafuta, ukizikandamiza kwa kitambaa kikavu na kugeuza kila mara. Zinatoka na madoa zaidi, lakini mimi ladha yake naipenda kuliko za oveni.

Zitie kwenye kopo linalobana zikiwa zimepoa kabisa. Huku pwani, hasa masika, hulegea upesi. Dakika 5 za moto zinatosha kuzikausha tena.