Kabla hujasaini mkataba na kampuni ya teknolojia

Wengi wakipata ofa kampuni ya teknolojia wanaangalia mshahara tu wanasaini, mi nakuomba sana usiende hivyo, chukua ule mkataba usome mstari kwa mstari na maswali yako uulize mapema.

Anza na hisa, maana hapo ndo watu wanaumia. Ukiambiwa utapewa hisa za kampuni usidhani ni hela ya kesho. Utaratibu uliozoeleka ni miaka 4, na mwaka wa kwanza hupati kitu mpaka uumalize, yani ukiondoka au ukiondolewa ukiwa na miezi 11 kazini unatoka mikono mitupu, ukitimiza 12 ndo unapata robo, zilizobaki zinaingia kidogo kidogo. Na kama kampuni haijaingia soko la hisa mara nyingi huna pa kuziuza, utakaa nazo miaka. Kwa hiyo bajeti yako ipige kwa hela inayoingia mkononi kila mwezi, basi.

Halafu zamu za dharura, hizi wenyewe hawakwambii. Seva, yani kompyuta inayoendesha huduma ya kampuni, ikianguka saa 9 usiku simu inalia, unaamka unafungua laptopu macho yamejaa usingizi, na kikao cha asubuhi kiko palepale. Muulize atakayekuwa bosi wako zamu inazunguka kwa watu wangapi, inalipwa au hailipwi, na mwezi uliopita simu ililia usiku mara ngapi. Akianza kuzungukazunguka jibu umeshalipata.

Uzuri upo tena mkubwa. Unajifunza haraka mno kwenye timu nzuri, kazi yako inakaguliwa na waliokutangulia kabla haijafika kwa watumiaji, wanakuonyesha mstari huu wa programu uliyoandika utaleta shida na kwa nini, na ujuzi huo ukihama unahama nao. Kufanyia kazi nyumbani pia kupo sehemu nyingi, ila hakikisha kumeandikwa.

Jina kubwa lisikupe usingizi. Meta, wenye Facebook, Novemba 2022 walipunguza watu zaidi ya 11,000, Google Januari 2023 wakatangaza kupunguza kama 12,000, na mambo yakifika hapo uchapakazi peke yake haukuokoi, so anza kuweka akiba toka mshahara wa kwanza. Na kama una programu yako unayotengeneza pembeni, tafuta kipengele cha umiliki, mikataba mingine inasema chochote utakachobuni ukiwa mwajiriwa ni mali ya kampuni, ukikiona omba waandike kabisa kwamba ile yako haimo.