Kabla Hamjaunganisha Ripita Zenu

Kila kikundi cha redio ya ridhaa hufika siku mtu akauliza kikaoni: hizi ripita zetu, mitambo inayopokea sauti na kuirusha tena ifike mbali, kwa nini tusiziunganishe? Wote huitikia, na wiki haijaisha kuna mtu keshaanza kuagiza vifaa. Tulieni kwanza. Linki, yaani njia ya kuunganisha ripita, haitibu ripita mbovu, huusambaza ubovu wake eneo zima. Mvumo uliokuwa ukiwakera watu kumi wa kilima kimoja utaanza kuwakera wote.

Anzeni na masikio ya kila ripita. Ripita hupokea kwenye masafa haya na kurusha kwenye yale kwa wakati uleule, mara nyingi kwa antena moja, na katika bendi ya mita 2 (megahezi 145 hivi) tofauti ya masafa hayo huwa ni kilohezi 600 tu. Kirushi kinatoa wati 50 huku kipokezi kilicho pembeni yake kinahangaika kusikia ishara isiyofika hata mikrovolti moja. Kinachovitenganisha ni dupleksa, kichujio kinachozuia nguvu ya kirushi isiingie kwenye kipokezi, na mpangilio wake ukiyumba, ripita inajiziba masikio yenyewe.

Kuipima hakuhitaji mitambo ya bei. Mwenzako aende mbali na redio ya mkononi, mpaka sauti yake ianze kuchanganyika na mchakacho. Wewe kaa kwenye kibanda cha mtambo, zima kirushi, sikiliza kipokezi chenyewe. Sasa washa kirushi. Sauti ikibaki ilivyokuwa, endeleeni na mengine. Ikizama kwenye mvumo, fedha yenu ya kwanza iishie hapo hapo, si kwenye linki.

Halafu kebo. Mita 30 za RG-213, aina moja ya kebo ya antena, hula karibu nusu ya nguvu kwenye megahezi 145, na kwenye bendi ya sentimita 70 hula zaidi ya hapo. Hiyo ni kebo nzima, kavu. Niliwahi kufungua kiunganishi juu ya mlingoti, matone ya maji yakanidondokea kiganjani. Miezi yote hiyo tulikuwa tukiilaumu antena. Utepe wa kuzuia maji hauna gharama, ufungeni vizuri na mkague kila mwaka. Ethi (waya wa kwenda ardhini) ya mlingoti, ya kibanda na ya umeme zifungwe pamoja. Zikiachwa kila moja kivyake, radi itapita ndani ya vifaa vyenu ikitafuta njia.

Umeme ndio watu husahau kukokotoa. Tuseme ripita inakula ampea 10 ikirusha na nusu ampea ikisikiliza tu, na kwa kawaida inarusha robo ya muda. Wastani ni kama ampea 2.9. Betri ya asidi ya ampea-saa (Ah) 100, usiyotaka kuishusha chini ya nusu, itakupa saa 17 hivi. Sasa unganisha ripita tatu: kila anayezungumza kokote anaziamsha zote, na muda wa kurusha unaweza kupanda hadi nusu. Saa 17 zimekuwa tisa na kidogo, na kirushi kinachemka. Kama kimetengenezwa kutokana na redio ya gari, punguza nguvu na uweke feni. Wati 25 za kudumu ni bora kuliko 50 za jioni moja.

Kwenye linki yenyewe, amueni mapema: redio au intaneti. Intaneti ni rahisi na huvuka milima bila mnara wa kati, lakini maafa yakija huenda ikatangulia kukatika. Mimi ningeweka uti wa mgongo kwa redio, intaneti iwe nyongeza. Chochote mtakachochagua, kusiwe na njia mbili kati ya ripita zilezile, maana sauti itazunguka na kurudi bila kukoma. Linki ifunguliwe kwa toni ya CTCSS, mlio wa chini unaorushwa pamoja na sauti ili kipokezi kiutambue, na ifunge papo hapo mzungumzaji anapoachia. Mkia wa ripita moja, yaani muda mfupi inaoendelea kurusha baada ya mtu kuachia, usiende kuiamsha nyingine. Muda wa juu wa kurusha, dakika tatu kwa mfano, uwekwe kila kituo, na kila kituo kiweze kuzimwa kwa mbali. Sheria za leseni kuhusu masafa ya linki na kuunganisha na intaneti hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo waulizeni wasimamizi kabla ya kununua.

Nani ana ufunguo wa kibanda? Nani ana neno la siri la kidhibiti? Wawe zaidi ya mmoja, na vipimo vyote viandikwe daftarini.

Siku ya kuwasha, unganisheni mbili tu na muziache wiki nzima kabla ya kuleta ya tatu. Waambieni watu wabonyeze, wahesabu moja, ndipo waongee. Mlolongo wa mitambo huchukua muda kufunguka, na asiyesubiri atasikika upande wa pili akisalimia nusu: "...bari za asubuhi."